Mwewe Aliyeshindana na Jua

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama mbu mwenye mafua. Haya, itatosha. Nisikilizeni mimi, niliyesoma mpaka darasa la tatu mwalimu akakimbia, akili zangu zimemzidi.

Hapo zamani za kale, mawe yakiwa bado laini, alikuwepo Mwewe. Mwewe na majivuno, majivuno na Mwewe. Kila siku analikodolea jua macho. "Leo litafumba lenyewe," anasema. Jua halikufumba.

Basi macho ya Mwewe yakaharibika katikati. Pembeni anaona, katikati hamna kitu. Akimlenga kifaranga, anaona jiwe huku, anaona kichaka kule, kifaranga hayupo. Anashuka, vuuu! Anapaa na mfuniko wa sufuria. Anashuka tena, vuuu! Anapaa na suruali ya mzee Kiboko. Makinda wake wanalia njaa, kwi kwi kwi. Suruali haitafuniki, hata uichemshe wiki nzima. Na akiwatazama wanawe anaona mabawa tu, sura hazipo.

Akamwendea Kuku.

"Bi Kuku, dada yangu."

"Leo nimekuwa dada? Jana nilikuwa kitoweo."

"Wanangu watakufa. Naapa wako sitawagusa tena. Mbona wewe unaona mpaka chawa wa sisimizi?"

"Ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna rangi ya njano, kama kiini cha yai langu. Ndiyo inayopunguza makali ya mwanga. Yako imekwisha. Mimi yangu naipata kwenye mchicha na mahindi ya njano."

"Mchicha? Ukoo wetu hauli majani. Sisi si mbuzi."

Akaondoka. Akapasua yai la mbuni, akajipaka kiini machoni, akajiona bibi harusi. Akaruka. Puu! Akaugonga mlima, mlima ukahama. Ndiyo maana kwetu ni tambarare, msinibishie.

Kuku akamfuata alipoanguka. "Shoga, hii rangi huliwa, haipakwi."

Mwewe akala mchicha. Akala akilia. Akala bustani, akala ua wa bustani, akala na jembe. Mvua zikaja, mvua zikaenda. Taratibu, taratibu, katikati pakarudi. Asubuhi moja akamtazama mwanawe. Akaona mdomo, akaona macho, akaona sura nzima.

"Mama, umetuona?"

"Nimewaona. Kumbe mmefanana na baba yenu. Poleni sana. Ngojeni niwaletee panya."

Vuuu! Akarudi na panya. Panya kweli, mwenye mkia.

Basi jamani, usishindane na jua, na usingoje macho yaharibike ndipo ule mboga za majani. Kinga ya jicho hupitia mdomoni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyelala mwamsheni, aje anisifu.