Mtoto Mmoja, Jina Moja

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kompyuta zilikuwapo na umeme ulikatika kama leo, hospitali moja ya mlimani ilipata programu mpya ya kutunza damu. Kila chupa ya damu ikiingia ilipewa namba, na kwa namba hiyo kompyuta ilijua damu ni ya kundi gani. Zipeni chupa mbili namba moja, halafu mwombe Mungu.

Programu iliandikwa na Namsifu, binti mwepesi wa mikono na mzito wa kushaurika. Ndani yake aliumba mgawa-namba, ambaye kazi yake ni kuhesabu tu: moja, mbili, tatu. Mwenzake wa ofisini, Chausiku, aliisoma kazi ile akamwambia, "Kila kompyuta ikiwashwa inajiumbia mgawa-namba wake. Aumbwe mara moja tu. Anayemhitaji asiumbe mwingine, akamkute yuleyule. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Mbona nimejaribu na inafanya kazi," akajibu Namsifu. Kweli ilifanya kazi, maana alijaribu kwa kompyuta moja. Chausiku akaandika marekebisho yake, akayaweka kando bila kuyatia kwenye programu. Alichoka kubishana.

Siku ya kwanza ya kazi, wote wawili wakiwapo hospitalini, zikawashwa kompyuta mbili, kila moja kwenye dirisha lake la kupokelea damu. Hii ikahesabu, na ile ikahesabu. Dirisha la kwanza likatoa kumi na saba, na la pili likatoa kumi na saba. Hakuna aliyeshtuka.

Adhuhuri mama mmoja, Mwanahiza, akajifungua mtoto wa kike, na damu ikakataa kusimama. Daktari akaagiza chupa. Kompyuta ikasema: kumi na saba. Siwema wa maabara akafungua jokofu, akaishika chupa yenye namba hiyo, akasita. Walikuwa wameambiwa madaftari yamekwisha kazi, lakini yeye aliendelea kuandika kwa kalamu yake, na kumi na saba ya daftarini ilikuwa ya kundi jingine, si la Mwanahiza; na jokofuni ilibaki kumi na saba nyingine. Akaikumbatia ile chupa.

Muuguzi akafoka, "Lete basi, mama anakufa."

"Siitoi," akasema Siwema. "Kumi na saba ziko mbili."

Hapo Namsifu angeweza kusema maabara wamechanganya mambo, na daktari angemwamini. Hakusema hivyo. Alisema, "Kosa ni langu. Pembeni mwa lebo kuna saa ya kuingia, imechapwa kwa tarakimu ndogo. Nipeni dakika moja niilinganishe na kumbukumbu za kompyuta zote mbili, niwaonyeshe ipi ni ya dirisha lipi na ya kundi gani." Akawaonyesha. Damu iliyo sawa ikaingia, na rangi ikamrudia Mwanahiza usoni. Jamani, watu walipumua! Yule muuguzi aliketi sakafuni akicheka, na machozi yanamtoka.

Chausiku hakuketi. Alitia marekebisho yake, mgawa-namba akawa mmoja kwa madirisha yote, na chupa zote zikapewa namba upya. Wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri wakapata damu zao bila wasiwasi.

Siku ya saba Mwanahiza akawaita watatu wale. "Mtoto ninaye mmoja, na jina ni moja. Nataka aitwe kwa jina la aliyeniokoa. Ni nani?"

Chausiku akasema, "Siwema alizuia chupa moja. Namsifu alieleza chupa mbili. Mimi nimewalinda wote watakaokuja, na kosa nililisema mapema."

"Ulilisema mara moja ukaacha," akasema Namsifu. "Dawa ulikuwa nayo, ukaikalia. Mimi nimekosa, sikatai. Lakini dada Siwema angeikumbatia chupa ile mpaka mama akate roho. Nani alijua ipi ni ipi, kama si mimi niliyekosea?"

Siwema alikuwa anamtazama mtoto. "Kompyuta mimi siijui," akasema. "Najua chupa ilikuwa mikononi mwangu, na nikafokewa, na sikuitoa."

Mwanahiza akashindwa kuchagua. Kila aliposema ndiyo kwa mmoja, aliwaona wawili waliobaki, na bila yeyote kati yao asingekuwa hapo akinyonyesha. Kadi ya kliniki ina mstari mmoja wa jina, na mstari huo bado ni mtupu.

Sasa nyinyi mnaocheka, shikeni kalamu. Aliyekataa kutoa, aliyekiri kosa, na aliyeziba ufa: je, mtoto aitwe nani?