Mwalimu Asiye na Kasoro

Hapo zamani, katika mji wa Shungwi, alikuwako Sultani aliyependa mpira wa kikapu kupita kiasi, na raia zake walikuwa na homa hiyohiyo. Basi Sultani akamweka kijana mmoja, Mbwana Kheri, awe mwalimu wa timu ya mji, naye hata ndevu zilikuwa hazijamkamilia. Timu ikashinda, ikashindwa, ikashinda tena; lakini barazani midomo haikutulia. Wakishinda, watu husema, "Bahati tu." Wakishindwa, husema, "Si tulisema? Mtoto huyu anajua nini?" Na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa tajiri Mselem, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kudaka mpira, hata ule uliomwangukia mapajani.

Ikawa Mselem na wenziwe wakaenda kasrini kutaka kijana yule aondolewe. Hapo alikuwapo fukara mmoja, Simai, ambaye watu walimwita punguani. Akacheka.

"Wacheka nini?" akauliza Sultani.

"Nawacheka hawa, Bwana wangu. Hawataki mwalimu, wataka mtu wa kumsema."

Mselem akarukia, "Seyyid, punguani huyu atutukana! Kama anajua sana, na alete yeye mwalimu anayefaa."

Sultani, aliyekwisha kuchoshwa na kelele, akasema, "Umesikia, Simai. Kesho baada ya alasiri unioneshe mwalimu ambaye hapana kinywa mjini humu kinachomtoa kasoro. Ukishindwa, wewe na Mbwana Kheri mtauhama mji wangu."

"Nimesikia na nimetii."

Mbwana Kheri alipopata habari akaanza kufunga mizigo, macho yamemwiva. "Kaka Simai, umeniponza! Mtu huyo hayupo duniani."

"Hapo umesema kweli," akajibu Simai, akaenda zake.

Kesho yake Simai akamwongoza Sultani, Mselem na wenziwe wakifuata nyuma, hadi makaburini. Akasimama penye kaburi moja. "Bwana wangu, ndiye huyu. Mzee Vuai, aliyefundisha timu kabla ya kijana wetu. Waulize."

Sultani akageuka. "Ana kasoro gani huyu?"

"Hana, Seyyid!" akasema Mselem kwa uchungu. "Vuai alikuwa mwalimu hasa! Hatapatikana tena mfano wake." Wote wakaitikia, na mmoja akajifuta machozi.

"Ajabu," akasema Sultani. "Nakumbuka mlimtupia maganda ya machungwa hata akaacha kazi. Nawe Mselem ulikuja kuniambia amezeeka mno."

Mselem akainama, akajifanya anatoa mwiba unyayoni.

"Usiwalaumu, Bwana wangu," akasema Simai. "Wakati ule marehemu alikuwa na kasoro moja kubwa: alikuwa hai."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Kisha akasema, "Mabwana, mwalimu mliyemtaka mmempata. Ketini awafundishe, na akiwaruhusu mtarudi majumbani." Akaweka askari langoni, akampandisha Simai juu ya farasi wake, wakaenda pamoja kumzuia Mbwana Kheri asitoke mjini.

Basi wale mabwana wakaketi juani mbele ya mwalimu wao. Na yasemekana jua lilikuwa halijatua, walipoanza kubishana kama kweli Vuai alifaa.