Kadi Moja ya Mlima Mkubwa

Ndugu zangu, leo tunawaaga vijana wetu sita wanaokwenda vyuoni, na wawili kati yao wanavuka bahari. Naona mama zao wameshaanza kutafuta leso. Subirini kidogo, huko sijafika. Nina mfano wa kuwapa, na ni mfano tu, msije mkanibana pale nje mkiniuliza ni watoto wa nani.

Kulikuwa na mabinti wawili waliotoka katika nchi kama hii yetu, wakaenda kusoma chuo kimoja huko kwenye baridi. Na nikisema baridi, watu wa Njombe msijidai. Ninyi mkikuta umande umeganda kwenye majani ya chai asubuhi moja ya Juni mnaitana kupiga picha. Huko theluji inakaa miezi mitano, na watu wanaifurahia. Wanajifunga mbao mbili ndefu miguuni, wanapandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, halafu wanateleza kuja chini. Wakifika chini wanapanda tena. Ndiyo raha yao, tuwaachie.

Sasa mtu hapandi hivi hivi. Anachagua mlima mapema, kabla theluji haijaanguka, anapewa kadi ya msimu mzima yenye jina lake, picha yake na namba yake ya simu. Akifika getini, mashine inaisoma kadi humo humo mfukoni na geti linafunguka. Wanafunzi walipewa nafuu ya bei, ila mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni.

Mabinti wetu wiki ile walihesabu akiba yao kila usiku. Nyuma ya chuo kulikuwa na kilima kidogo cha watu wanaojifunza, na hapo kila mmoja angeweza kupata kadi yake mwenyewe. Kulikuwa pia na mlima mkubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, ambako darasa zima lilikuwa linakwenda. Kadi mbili za mlima mkubwa hawakuziweza. Na kila wakikaa mezani wanaulizwa, "Ninyi mmechagua wapi?" Vijana, mtaijua hofu hiyo. Umefika juzi tu, hata njia ya maktaba hujaishika, na tayari unajiona umeachwa nyuma. Waliona aibu kutaja kilima.

Ijumaa ile, imebaki nusu saa, wakiwa wamesimama mbele ya dirisha la kadi, mmoja akasema, "Tuchukue moja ya mlima mkubwa, kwa jina lako. Jumamosi hii unakwenda wewe, ijayo ninakwenda mimi."

"Na picha je?"

"Wewe nawe! Mashine inaangalia sura? Tukishavaa ile miwani na skafu, hata mama yako hakutambui."

Na wenyeji wa kule, tuseme ukweli, walikuwa wanawachanganya hawa wawili hata bila miwani.

Wakachukua kadi moja. Nyuma yake yaliandikwa maneno madogo: ukimpa mtu mwingine, unanyang'anywa, na chuo kinaarifiwa. Wote wawili walikuwa wanasomeshwa kwa ufadhili. Kwa hiyo yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, tumwite mwenye kadi, hakuifurahia hata siku moja. Zamu yake ikifika anapita getini hamtazami mtu usoni. Zamu ya mwenzake ikifika anabaki bwenini, na kila simu ikilia anashtuka. Aliogopa majira yote ya baridi. Ndiyo raha aliyoichagua.

Ikaja Jumamosi moja ya Februari, zamu ya mwenzake. Mwenye kadi alikuwa bwenini amebandika maharage. Saa kumi na nusu jioni, giza la kule limeshaanza kuingia, simu ikalia. Waliongea kwa lugha ya huko, mimi nawapa kwa Kiswahili chetu.

"Hapa ni kikosi cha uokoaji cha mlimani," sauti ikasema, ikataja jina lake. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kadi yako ilipita getini saa tisa na dakika ishirini. Umeshashuka? Uko salama?"

Hakuwaza mlima. Hakumwaza mwenzake. Aliwaza kadi: wamegundua, wananitega, kesho naitwa ofisini, keshokutwa narudishwa nyumbani. Aseme nini? Akisema leo hajakanyaga huko, atakuwa amejishtaki mwenyewe. Basi akajibu kama tunavyojibu sisi sote tangu tukiwa watoto, bila kufikiri.

"Niko salama kabisa. Nimeshashuka. Asante."

"Tunashukuru. Ulikuwa umebaki wewe tu kwenye orodha yetu. Jioni njema."

Akaweka simu chini, akavuta pumzi, akaona ameponea chupuchupu. Akaenda kuongeza maji kwenye maharage.

Saa kumi na mbili basi la wanafunzi likarudi. Akatoka kumpokea mwenzake. Wakashuka wote, mwenzake hayumo. Akampigia, na simu ikasikika ikilia kule ndani chumbani, ameiacha kwenye chaji. Akamkimbilia dereva.

"Tulisubiri nusu saa nzima," dereva akamwambia. "Mtu mmoja alionekana akiingia kwenye miti na hakutoka. Lakini waokoaji walimpigia kila aliyepanda saa ile, wakatuambia wote wameshashuka salama. Tukajua rafiki yako amepata lifti."

Ndugu zangu, pale ndipo alipoelewa. Walikuwa wanamtafuta mtu mmoja, na yeye alikuwa amewaambia wasimtafute.

Sasa niulize. Mnadhani alipiga simu saa ile ile? Mngependa iwe hivyo. Hata mimi ningependa. Alisimama kwenye theluji na simu mkononi robo saa nzima. Alikuwa anatafuta namna ya kumwokoa mwenzake bila kusema kwamba alidanganya. Namna hiyo haikuwepo. Mwishowe akapiga, huku analia.

"Yule mliyekuwa mnamtafuta bado yuko juu. Mimi sikupanda leo. Niliwadanganya."

Wakapanda tena. Wakamkuta chini ya mti, mguu umevunjika, hai. Madaktari walimkata vidole vitatu vya mguu wa kushoto kwa sababu ya baridi.

Siku ya tatu mwenye kadi alikwenda hospitali, akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Nisamehe, ndugu yangu. Niliogopa ile kadi."

Mwenzake akasema, "Vidole nitavizoea. Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Mimi niliwaona. Niliona taa zao zinakuja kati ya miti. Walikuwa karibu, kama kutoka hapa mpaka kwenye ule mlango. Nikaita, upepo ukaichukua sauti. Halafu mmoja akasikiliza simu yake ya upepo, akawaambia wenzake kitu, na taa zote zikageuka zikashuka. Nikabaki najiuliza, nimemkosea nani mimi?"

Basi. Mfano umeishia hapo.

Msiwatazame hao wawili wanaovuka bahari. Nawaona mnavyowatazama, mkidhani mchungaji ameshasema nao na ninyi mmepona. Kadi yenu siitaki. Nataka lile jibu. Niko salama kabisa, asante.

Sisi si ndio wenye jibu hilo? Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mzee? Yupo tu, anaendelea. Tunajibu hata swali halijaisha. Na humo nyumbani kuna kijana ana wiki mbili hajatoka chumbani. Kuna mke amevaa mikono mirefu mwezi mzima na si kwa sababu ya baridi. Kuna bibi anaogopa kuachwa peke yake na mjukuu fulani. Wazee wa kanisa wanakuja wamewasha taa zao, wamefika mpaka mlangoni, na sisi tunasimama mlangoni tunasema, hatujambo wote, karibuni tena. Wanageuka.

Kwa nini? Tunaogopa kadi. Mimi mzee wa kanisa, mimi mwimbaji kiongozi, mimi mama mchungaji. Jina letu limeandikwa mahali fulani na tunaogopa lisije likafutwa.

Nami nisijifiche nyuma ya meza hii. Nina mdogo wangu. Wengi mnamjua, na mlikuwa mnaniuliza, "Mchungaji, mdogo wako hajambo?" Nikawajibu hajambo, yuko kwenye shughuli zake. Alikuwa anakunywa mpaka anaanguka. Mngeenda kumwona, nawajua, mngeenda. Lakini nani anataka mchungaji ambaye mdogo wake ni mlevi? Alikaa miezi minane hakuna mtu aliyemgongea mlango, kwa sababu mimi niliwaambia ni mzima. Leo yuko hospitali ya mkoa, wodi ya wanaume, na ini lake si zima. Jana alinitazama, akaniuliza kwa nini watu wa kanisani walimtupa. Sikuweza kumjibu. Nimekuja kuwajibu ninyi.

Vijana, mtakwenda. Mama zenu watawapigia kila Jumapili kuwauliza kama mko salama. Kama hamko, semeni hamko. Anyang'anywe kadi mwenye kunyang'anywa.

Na sisi tunaobaki: leo nikimaliza ibada nitasimama pale mlangoni kama kawaida, nitawashika mkono mmoja mmoja, na nitawauliza habari za nyumbani. Msinijibu haraka. Hata foleni ikifika mpaka madhabahuni, nitasubiri.