Kata Tatu za Maji ya Malugu

Sogeeni kwenye mkeka, wenye masikio! Palikuwa na kijito, na upande wake wa juu aliishi Malugu, tajiri aliyesafisha dhahabu kwa zebaki na kumwaga maji machafu humo humo. Wajawazito wa bondeni wakayanywa.

Mama wa kwanza akajifungua mtoto asiyeona. Malugu akatangaza, "Alikula mayai huyo, akavunja mwiko wa wajawazito!" Wa pili akajifungua mtoto asiyesikia. "Alikalia kizingiti!" Wa tatu alikuwa Kabula; mtoto wake akaishi siku mbili tu. "Alimcheka kilema!" Na waume, wajinga wale, wakamsadiki, wakawatukana wake zao.

Kabula akalia kijitoni mpaka jini wa maji akatoka, macho mekundu. "Hata samaki wangu wanakufa," akasema. "Nyinyi mama watatu, mchoteeni Malugu maji haya, naye anywe."

Mama wa kwanza akampelekea kata ya maji. "Sina kiu," akasema Malugu. Wa pili akapeleka yake. "Nimefunga." Kabula akamsogezea ya tatu mdomoni, kijiji kizima kikitazama. Malugu akaisukuma: "Toa! Hayo yana zebaki yangu, yanaua!"

Jini, aliyewafuata, akacheka. "Umeyakataa haya? Basi hutapata mengine."

Tangu hapo akiinamia kisima, kinakauka. Akipokea kata, inakuwa tupu. Mvua ikinyesha, inamkwepa. Akatambaa hadi mlangoni kwa Kabula, ulimi nje. "Mama, nakufa kwa kiu!"

Kabula akafungua. "Pole, baba. Kwani ulikula mayai?"

Akafunga mlango. Nami nimefunga wangu.