Mkono Uliotoka Kwenye Kitambaa Cheusi

Palikuwa na bwana mmoja, ndugu zangu, na jina lake msiniulize, maana nikilitaja mtaacha kusikiliza muanze kutafuta ni wa ukoo gani. Bwana huyu alijipatia kamera ya zamani. Si hizi za kwenye simu mnazonipigia nikiwa nimefumba macho. Hii ilikuwa ya sanduku, kubwa, imesimama kwa miguu mitatu, na mpigaji anajifunika kitambaa cheusi kichwani ili aione picha kwenye kioo cha nyuma. Na kioo kile kinageuza mambo: kichwa kinakuwa chini, miguu juu, wa kushoto anaonekana kulia na wa kulia kushoto. Aliyemuuzia alimweleza yote hayo. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama ninyi mnavyoniitikia mimi.

Picha yake ya kwanza akataka iwe ya mama yao na watoto wote. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kaka yake mkubwa alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu matanga ya baba yao, yeye na bwana huyu walipotupiana maneno mbele ya waombolezaji. Mama alimbembeleza kwa simu, akalia, akatuma watu, hata kaka akakubali. Akaja. Lakini alisimama pembeni kabisa, mbali na kiti cha mama, na koti lake mwilini juani, kama mtu anayesubiri kuambiwa aende zake. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Ukikohoa tu, ameondoka.

Bwana wetu akaingia kitambaani. Kwenye kioo akamwona kaka yake amekatika nusu, ukingoni mwa picha. Sasa nataka mjue kwamba moyo wake ulikuwa mwema. Alitaka kaka amkaribie mama, na ikiwezekana amwekee mkono begani. Basi akatoa mkono nje ya kitambaa, akaonyesha upande ule alikomwona mama kiooni.

"Kaka, sogea huku kidogo."

Kaka akautazama mkono, akasogea ulikoelekea. Kiooni akazidi kukatika.

"Siyo huko, huku," akasema bwana, na mkono ni uleule, upande uleule. Kaka akasogea tena. Sasa kiooni limebaki bega tu. Ndani ya kitambaa joto kama tanuri, jasho linamwingia machoni, na watu wenyewe hawasikii. "Jamani, kigumu ni kipi? Nimesema huku. Mtu mzima hajui huku ni wapi?"

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, hebu toka humo utuangalie."

"Mama, mimi ndiye ninayeona. Ninyi fanyeni ninavyosema."

Hivi ndugu zangu, kutoa kichwa kungempunguzia nini? Ni kitambaa kile, si kaburi. Lakini mtu akishakasirika na akaamini ana haki ya kukasirika, haambiliki. Akaendelea kupunga mkono. "Ndivyo ulivyo kaka, siku zote. Unaambiwa neno jepesi unafanya kinyume. Sogea huku, umenichosha."

Kaka akafunga vifungo vya koti lake. Aliposema, sauti yake haikuwa na ugomvi. "Nimekuelewa, mdogo wangu. Nilikuelewa tangu mwanzo."

Kiooni lile bega likatoweka. Bwana akatoka kitambaani amefura, maneno yamemjaa mdomoni, na mkono bado ameunyoosha. Akautazama. Mama alikuwa ameketi upande wa pili kabisa. Mkono wake yeye ulielekea kwenye njia ya kutokea uani, na kaka alikuwa ameshaishika njia hiyo, anakwenda.

"Mimi nilikuwa namwita," akasema.

"Umemfukuza," mama akamjibu. "Tumekuona sote."

Mmenyamaza. Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Sisi tuna mapenzi mema, hilo sibishi. Lakini mtu hauoni moyo wetu, anauona mkono. Mwenzetu hajaonekana kanisani mwaka mzima. Siku anapojikaza kuingia, mzee wa kanisa pale mlangoni anamwambia, "Leo umepotea njia?" Anadhani amemkaribisha. Jumapili inayofuata hatumwoni, tunatikisa vichwa, tunasema amekuwa mgumu. Kijana wako anarudi nyumbani baada ya kukosana nawe, hata maji hajanywa, umeshaanza: wewe hujabadilika. Ulitaka akae. Sasa kwa maneno hayo angekaaje? Na mkeo akikuambia toka humo utuangalie, unamjibu kwamba wewe ndiye unayeona. Mnanichosha, ndugu zangu, na ninawapenda, na ndiyo maana nasema.

Picha ile haikupigwa. Wala msinisubiri niwaambie kwamba yule bwana alimkimbilia ndugu yake wakakumbatiana, kwa sababu sijui. Ninachojua ni kwamba kaka alikuwa anatembea polepole, mwendo wa mtu anayetamani kuitwa, na mdogo wake alikuwa amesimama na hasira yake. Sasa nakuuliza wewe uliyeketi hapo. Yupo mtu wako anayekwenda zake wakati huu, na bado unasema hasikii. Acha kumwonyesha pa kusimama. Inuka, umfuate kwa miguu yako, kabla hajapanda gari.