Karafuu za Mama Rasha

La kuvunda halina ubani. Maana yake haihitaji mwalimu: kitu kikishaoza, hata ukikifukiza kutwa kucha, utakachopata ni uozo wenye harufu nzuri. Methali hii hupendwa sana na watu waungwana, wale wanaokohoa taratibu na kutazama pembeni jambo linapoharibika mbele yao. Huwasomea jirani zao, wakafunga milango ya kwao. Kisa hiki cha Rumonge, Burundi, kitaonyesha jinsi wanavyoijua, na jinsi wasivyoitii.

Muuguzi Amur alikuwa na zahanati yake nyuma ya soko, pale harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, inapokutana na harufu ya mawese. Ukoo wake ulitoka Omani zamani, na jina lake lilibeba heshima ya mababu waliofanya biashara katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Watu walimwita muganga, jina ambalo Warundi humpa kila anayeshika sindano. Msikitini alisimama safu ya kwanza. Ramadhani alifunga. Na jioni, baada ya kufunga zahanati, alipanda pikipiki hadi Gatete, kwenye baa iliyojificha nyuma ya mashine za kukamua mawese, akapiga maji mpaka ulimi ukawa mzito. Aliamini kwamba Gatete hakuna anayemjua. Gatete yote ilimjua.

Kazi ya kumsafisha ilikuwa ya mkewe, Nawal, aliyeitwa Mama Rasha kwa jina la binti yao wa pekee. Kila alfajiri alimpa kwanza tangawizi iliyopondwa, kisha kijiko cha mawese mabichi, maana wanywaji wa Gatete husema mawese hutanda kooni na kuzuia harufu isipande. Zikafuata karafuu za kutafuna, halafu tonge la ubani. Kanzu aliifukiza udi. Tangu miaka ya korona alimzoeza kuvaa barakoa, nayo akaitilia matone ya mafuta ya mkaratusi. Alipomaliza, mumewe alitoka akinukia kama chumba cha bibi harusi, na wagonjwa wakausifu usafi wake. Mwanamke huyu alikuwa na akili nyingi na subira nyingi, na vyote viwili alivitumia kuiua harufu. Chupa hakuigusa. Wala mkono uliotetemeka hakuutafutia dawa, kwa sababu mkono haunuki.

Majirani walijua. Wazee wa msikiti walijua. Walisema hiyo ni sitara, na mtu mwema hafunui aibu ya mwenzake. Funika kombe mwanaharamu apite. Basi kombe likafunikwa mwaka hadi mwaka, na mwanaharamu hakupita. Alikaa ndani, ameshika sindano.

Kadidja alikuwa mjane aliyeanika ndagala ufukweni na kuziuza sokoni. Mwanawe wa pekee, Idi, hakuwa hata ameanza shule, lakini alikuwa na kazi yake: kukimbia huku na huko mchangani akifukuza ndege wasile samaki. Hakuna mtoto aliyempita kwa mbio pale ufukweni, naye alijua hivyo na alijivuna. Kadidja aliuona utajiri wake wote katika miguu ile miwili.

Asubuhi moja Idi aliamka mwili ukimchemka. Mama yake alimbeba mgongoni hadi kwa Amur, kwa kuwa ndiko karibu na ndiko walikoenda watu wote. Muuguzi alimpima, akasema ni malaria, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Matone yakamdondokea viatuni. Kadidja aliuona mkono ule, akauliza kwa upole kwa nini unatetemeka, naye Amur akajibu nyuma ya barakoa kwamba ni baridi ya ziwa. Kadidja akavuta pumzi. Akasikia karafuu, akasikia ubani, akajilaumu moyoni kwa kumdhania vibaya mtu anayenukia kama msikiti siku ya sikukuu. Akamlaza Idi na kumshika kwa nguvu asicheze. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote, kwamba alimshika mwenyewe.

Homa ilishuka. Siku ya pili Idi alisimama kutoka mkekani, akaanguka. Akasimama tena, akaanguka tena, akacheka akidhani ni mchezo. Mguu wa kushoto ulikuwa umekataa. Katika hospitali ya serikali daktari alieleza kwamba sindano ilichomwa mahali pasipofaa, ikagonga mshipa wa fahamu. Akaagiza mtoto aletwe kila wiki kufanyishwa mazoezi. Aliulizwa kama atapona, akasema huenda.

Kadidja alirudi kwa Amur, naye akamwambia malaria huweza kushukia miguuni na kwamba yote ni kadari. Kadari! Mungu ndiye aliyetupiwa lawama ya chupa za Gatete. Haukupita muda wazee wakabisha hodi, wakiongozwa na Mzee Radjabu, na mkononi walikuwa na sukari na kitenge. Waliongea vizuri sana. Walimwomba asubiri, wakamkumbusha habari za sitara, kisha wakamuuliza kama siku ile alisikia harufu yoyote ya pombe. Kadidja hakuweza kusema uongo. Alijibu kwamba alisikia ubani. Wazee wakatazamana, wameridhika, wakaaga. Tangu lini karafuu zikawa shahidi wa mtu? Lakini ndivyo kesi ilivyokwisha, na mama yule akabaki na kitenge ambacho hakukifungua.

Miezi ikapita. Rasha akaja kutoka Bujumbura kuwasalimu wazazi wake, akiwa na mtoto wake mchanga, Faisal. Siku moja kabla jua halijachomoza kitoto kile kikaanza kulia, kina moto mwili mzima. Babu yake muuguzi alikuwa chumba cha pili, anatafuna karafuu alizopewa na mkewe muda huo huo. Dawa zilikuwa ng'ambo ya ua. Nawal alimtazama mjukuu, akausikiliza mlango wa chumba cha pili, kisha akajitanda, akamwacha Rasha nyumbani, akamfunga mtoto kifuani, akatokea mlango wa nyuma. Alikodi pikipiki hadi hospitali ya serikali. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwenye benchi la kungojea alimkuta Kadidja, aliyemleta Idi kwenye mazoezi yake.

"Amahoro, Mama Rasha," alisema Kadidja. Alimwangalia mtoto aliyefungwa kifuani. "Dispensari yenu iko imefungwa leo?"

"Hapana. Iko wazi."

"Na muganga iko?"

"Iko."

Kadidja aliushika mkono wa Nawal, kama mtu anayetoa salamu, akauinua hadi puani. Vidole vilinukia karafuu na ubani. Ilikuwa harufu ile ile, ya asubuhi ile ile, na sasa aliujua mkono uliotia harufu hiyo.

"Saa hii kuko watoto wa watu wanaingia kwake?" aliuliza.

Nawal angeweza kudanganya, maana alikuwa na mazoea. Lakini Idi alikuwa ameinuka kwenda kuchungulia mlangoni, akiuburuta mguu, na Nawal aliuona. Macho yakamjaa machozi.

"Wanaingia," alisema. "Nimemupa karafuu asubuhi hii, kama kila siku. Lakini huyu mutoto, nimeshindwa kumupelekea."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, ndugu yangu."

"Na siku ya Idi, ulimupa?"

Nawal aliinamisha kichwa. Kadidja hakumpiga, ingawa waliokuwa pale walidhani atampiga. Alisimama, akasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia:

"Mukono wa bwana yako niliuona na macho yangu. Wewe ndiye ulinifunga pua, nikakataa macho yangu."

Habari ilifika sokoni kabla Faisal hajanyweshwa dawa. Kufikia adhuhuri benchi la zahanati lilikuwa tupu, na siku zilizofuata likaendelea kuwa tupu. Hapo ndipo wazee walipoona msiba. Mguu wa mtoto haukuwakosesha usingizi, bali benchi tupu la mtu mwenye jina liliwakosesha. Wakapanga dua ya kuisafisha zahanati siku ya Ijumaa baada ya sala. Amur angetubu mbele za watu, Kadidja angetamka kwamba amesamehe, na Jumamosi mlango ungefunguliwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ijumaa ilipofika walikuwamo wote ndani ya zahanati, na kanzu zao zilikuwa nyeupe kweli kweli. Nawal aliambiwa alete chetezo. Hakuinuka. Aliketi upande wa wanawake, mikono mapajani, kana kwamba hakuambiwa yeye, na Mzee Radjabu ikambidi apulize makaa na kutia ubani mwenyewe. Moshi ukajaa chumba. Amur alikula yamini, akalia, na yawezekana alilia kwa dhati. Kisha nyuso zote zikamgeukia Kadidja aliyesimama mlangoni.

Kadidja aliingia peke yake, akapita katikati yao mpaka penye chetezo. Alipofika aligeuka na kumwita mwanawe aliyebaki mlangoni. Idi akaanza kutembea. Kilichosikika ni ule mguu mmoja tu, ukikwaruza saruji, hatua kwa hatua, mbele ya wazee waliotazama mikeka. Alipofika kwa mama yake alitabasamu, kwa sababu safari hii hakuanguka.

"Mzee Radjabu," alisema Kadidja, "ubani wenu ni muzuri. Mufukize na huu muguu, tuone kama utanyooka. Ukinyooka, nimesamehe."

Hakuna aliyekishika chetezo. Kadidja alimpandisha mwanawe mgongoni, akatoka naye kuelekea ufukweni, ambako ndagala zake zilikuwa juani na ndege wakizila bila wa kuwafukuza. Nawal alinyanyuka, akawafuata. Ndani, makaa yalizimika yenyewe, na mlango wa zahanati haukufunguliwa Jumamosi ile wala nyingine yoyote. La kuvunda halina ubani.