Mnazi wa Vuai

Hapo zamani, nazi zilipokuwa hazina bei na kiburi hakina dawa, palikuwa na mji uitwao Shungwe. Watu wake asili zao zilikuwa nyingi: wengine babu zao walikuja na mbuzi kutoka bara, wengine walikuja na vikapu vya tende kutoka ng'ambo, na wengine walitoka visiwani kwa kuwakimbia wakwe zao. Lakini hao wote walikwisha kufa, na wajukuu wao wakaoana, wakaombana chumvi, wakagombana na wakazikana. Ukimuuliza mtu yeyote yeye ni nani, alikujibu kwamba ni Mshungwe, kisha akaendelea na kazi yake.

Basi mji ule ulitawaliwa na Sultani Badi, mtu asiye mbaya moyoni, ila alipenda mno kusifiwa. Siku moja waziri wake, Shekue, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akamwambia kwamba haipendezi Sultani kuitwa Mshungwe na mchuuzi wa dagaa naye kuitwa Mshungwe. Maneno yale yakamwingia Sultani. Ikawa kesho yake ikalia mbiu ya mgambo: tangu leo Mshungwe ni Sultani na jamaa zake peke yao, wengine wote waitwe kwa asili ya babu zao, Mtu wa Bara, Mtu wa Visiwani, Mtu wa Ng'ambo, na kila mmoja afunge mkononi kitambaa cha rangi ya asili yake.

Mji ukavurugika. Kinyozi mmoja ambaye babu zake walitoka kila upande alifunga vitambaa mpaka kwenye kiwiko, watoto wakamdhania mganga wakamkimbia. Msibani nako watu walibishana rangi ipi itangulie kushika jeneza, hata maiti akachelewa kuzikwa, naye maskini hakuwa na haraka lakini alistahili heshima yake.

Na palikuwa na fukara mmoja aitwaye Vuai, hana shamba wala ng'ombe. Mali yake ilikuwa maneno yake na mkewe, Mize. Wawili hawa walipendana kwelikweli, wakigombana asubuhi hupatana kabla uji haujapoa. Babu yake Vuai alitoka bara, na babu yake Mize alitoka visiwani. Basi Waziri akaleta shauri jipya, kwamba vitambaa havitoshi, heri kila mtu arejeshwe kwa asili yake mwezi utakapoandama. Maana yake Vuai aende bara na Mize avushwe visiwani. Mize alilia mpaka macho yakavimba, na Vuai akakaa kizingitini mpaka usiku akiwaza la kumwambia Sultani.

Kulipokucha akaenda barazani kuomba waachwe pamoja. Sultani angemhurumia, lakini Waziri alikuwapo akimtazama, na mtu akitazamwa huwa mkali kuliko alivyo. Akanena: "Ewe Vuai, rudi ulikotoka. Mwezi ukiandama nikakukuta mahali pengine popote, kichwa chako ni halali yangu."

Vuai akainama, akajibu: "Nimesikia, Maulana, nami nitatii, sitaongeza wala sitapunguza."

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Sultani akatoka uani kunywa dafu, kama ilivyokuwa desturi yake, kwani katika ua wa jumba lake ulikuwapo mnazi ambao madafu yake yalishinda yote mjini kwa utamu. Akaona moshi. Chini ya mnazi Vuai alikuwa ametandika jamvi, amepanga mafiga matatu, na anachoma muhogo. Walinzi walipoulizwa wakasema aliwaambia kwamba anatekeleza amri ya Sultani, nao wakaogopa kuizuia amri.

Sultani akamuuliza kama ameisahau ahadi yake.

"Sikuisahau, Maulana. Hapa ndiko nilikotoka. Palikuwa na kibanda cha mamangu hapa, kabla marehemu baba yako hajausogeza ukuta wa jumba. Kitovu changu kimezikwa hapa, na mnazi huu ukapandwa juu yake, kama ilivyo ada yetu. Aliyetoka bara si mimi, ni babu yangu, naye yuko makaburini. Kama amri ni yake nitamfikishia, ila siahidi kwamba atainuka."

Watumishi wakageuza nyuso ukutani wasionekane wakicheka. Waziri Shekue, akitaka kuonyesha akili, akasema huyu ni mwongo, na aitwe mkunga mkongwe wa mji, Bi Mafunda. Sultani akaona shauri jema, akatangaza mbele ya watu waliokwisha kujaa uani: "Na iwe hivyo. Asili ya mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake, na neno hili silirudi."

Bi Mafunda akaja na mkongojo wake, akaupapasa ule mnazi, akasema kitovu cha Vuai alikizika yeye kwa mkono wake, pale pale. Sultani akaguna, akakubali.

"Alhamdulillahi," akasema Vuai. "Basi, Maulana, miaka yote hii wanywa madafu ya mnazi wangu, wala sikunung'unika. Nami nionyeshe mnazi wako, nionje."

Watu wote wakamgeukia Sultani. Kila mtu wa Shungwe aijua ada, kwamba mwanamke mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwa mamake. Na Sultani Badi alikuwa kifungua mimba, na mamake alikuwa binti wa Ukwayo, nchi iliyo mbali ng'ambo ya mto. Sultani akamtazama Bi Mafunda, na Bi Mafunda akatazama chini.

"Mwanangu," akasema yule bibi kwa upole, "mnazi wako uko Ukwayo, nyuma ya jiko la bibi yako. Nilifuatana na mamako, nikakizika kitovu chako mwenyewe."

Vuai akasema kwamba hilo lisimtie Maulana wasiwasi, kwani amekwisha kumwazimia punda, amefungwa langoni, na kitambaa cha Mtu wa Ukwayo Waziri atachagua rangi. Punda naye akaingiza kichwa langoni, akatafuna ua la asumini. Waziri alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu.

Sultani akavimba, uso ukawiva. Kisha akamtazama yule punda, kicheko kikamshinda, akacheka hata kilemba kikaanguka. Lakini alipokiokota kicheko kilikuwa kimekwisha, na sauti yake ikawa ndogo.

"Vuai, watu wa Ukwayo hawanijui. Nikiondoka hapa, mimi nitaitwa nani?"

"Maulana, umekulia hapa, umetuhukumu hapa, umetukera hapa, na siku ukifa tutakulilia hapa hapa. Wewe ni Mshungwe kama sisi, utaitwa nani tena?"

Sultani akafuta machozi, akaifuta na amri. Waziri Shekue akapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kukusanya vitambaa, navyo vikashonwa tandiko la punda. Vuai akakimbia kwake, akamkuta Mize ameketi juu ya furushi la nguo zake, akamwambia alifungue apike uji.

Tangu siku ile Sultani hakunywa dafu mpaka atume mtu kumwomba Vuai ruhusa, na Vuai alimpa kila siku, isipokuwa zile alizogombana na mkewe. Nami msimuliaji nimefika mwisho wa njia yangu. Atakaye kujua babu yangu alitoka wapi, aende makaburini akamuulize babu.